Mtumiaji, Mlengwa na Mwenye Mfongo: Tahakiki ya Istilahi za Usanifu

Dhana moja imeingia kwa kasi katika maandishi ya uhandisi, ya afya na ya mitambo ya mawasiliano ambayo wafasiri wetu huletewa mezani siku hizi. Ni dhana inayomtaka msanifu, kabla hajachora bomba, fomu ya zahanati au programu ya simu, aingie kwanza katika hali ya yule atakayekitumia kitu hicho. Waingereza wanalo neno lao la kuitaja, na wafasiri wetu, kwa kukosa la kushika, wameandika "huruma". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba "huruma" haifai kwa kazi hiyo, na kwamba kasoro haiko katika neno hilo peke yake bali imo katika ukoo mzima wa istilahi zinazomtaja mtu anayesanifiwa. Tunadai pia kwamba nadharia za jamii, ambazo walimu wengi huzidhani kuwa ni mambo ya mihadhara ya chuo kikuu tu, zaweza kutusaidia kuchagua maneno yaliyo bora. Tutazipima istilahi hizo Marangu na katika miteremko ya jirani ya Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa huko maji yamesanifiwa na watu wa aina nyingi, na kila aliyeyasanifu ameacha maneno yake.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake si Kiingereza. Mwaka 1873 Mjerumani Robert Vischer, akieleza jinsi mtazamaji wa picha au jengo anavyojitia kwa hisia ndani ya umbo analolitazama, alilitumia neno la lugha yake lenye maana hiyo hiyo ya "kujitia kwa hisia". Mwaka 1909 Edward Titchener, mwanasaikolojia Mwingereza aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitaka kulifasiri neno hilo, akaunda neno jipya kwa mizizi ya Kigiriki. Kwa hiyo anayedai kuwa Kiswahili ni lugha maskini kwa kukosa neno hili na aambiwe kuwa Kiingereza nacho kilikuwa maskini vivyo hivyo hadi mwaka huo, na kwamba umaskini wake ulitibiwa mezani pa mfasiri.

Sasa "huruma". Neno hili lina heshima kubwa katika lugha yetu na hatutaki kulivunjia. Lakini huruma ina mteremko kama ulivyo mlima: hutoka juu ikashuka chini. Mwenyezi Mungu huwahurumia waja wake, hakimu humhurumia mshtakiwa, mwenye nacho humhurumia asiye nacho. Hata mtoto akimhurumia mzazi wake, ni kwa kuwa mzazi yu mgonjwa au yu mashakani. Pasipo na shida hapana huruma. Basi mfasiri anapoandika kwamba "msanifu awe na huruma kwa watumiaji", amekwisha kutuambia kwamba watumiaji hao wamo katika shida na kwamba msanifu ndiye mwenye dawa. Hilo halikusemwa na matini ya asili. Limeongezwa na Kiswahili chetu. Wako pia waliojaribu "kuvaa viatu vya mwenzako". Hiyo ni tafsiri ya kikasuku, na tunaipita.

Twende Marangu tukaone dhana hiyo inataka kutenda kazi gani. Jina lenyewe la Marangu hufasiriwa kuwa ni mahali penye maji mengi, na hakika mito na chemchemi hazikosekani. Hata hivyo mto hupita bondeni, na kihamba chenye migomba na kahawa kiko juu ya mgongo wa kilima. Ili maji yafike kihambani, watu wa huko walichimba mifereji inayoanzia mbali juu mtoni, ikafuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo sana, mpaka maji yakaibuka juu ya mgongo na kugawanywa. Mfereji wa namna hiyo kwa Kichaga huitwa mfongo. Wazungu waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta kazi hii ikiendelea na wakaistaajabia. Harry Johnston, aliyefika mwaka 1884, ni mmoja wao. Kuupa mfereji mteremko ulio sawa kwa maili kadhaa bila darubini ya mpima ardhi si jambo dogo. Mteremko ukizidi, maji hukata udongo. Ukipungua, husimama na kuoza.

Katika maandishi ya serikali na ya miradi mfongo huitwa "mfereji wa asili". Istilahi hii imezoeleka, na wengi wetu tumeiandika bila kusita. Lakini tuitazame. Tunasema "msitu wa asili" tukimaanisha msitu uliojiotea, na "chemchemi ya asili" tukimaanisha iliyobubujika bila kuchimbwa. Tukiuita mfongo "mfereji wa asili", sifa ile ile iliyouvisha msitu inauvisha mfereji, na mchimbaji wake anatoweka. Aliyeuona mstari ubavuni mwa kilima, akapanga siku za kazi na kusuluhisha ugomvi wa zamu, naye alikuwa msanifu. Ramani inapokuja na kuandika "asili" kwa mifereji ya wazee na "kisasa" kwa mfereji wa saruji, msomaji anafundishwa kwamba usanifu ulianza siku saruji ilipofika. Mhandisi kijana aliyesoma ramani hiyo hawezi kwenda Marangu akamuuliza mzee swali la kiufundi. Atamuuliza habari za mila.

Mfano wa pili unatokana na hapo hapo. Mfongo wa udongo huvuja. Katika hesabu za mhandisi maji hayo huandikwa "upotevu". Lakini kwa mwenye kihamba kilicho chini ya mfongo, yale yanayovuja huweza kuwa ndiyo unyevu wa migomba yake, naye hayaiti yamepotea; yamepotea kwa nani? Hatusemi kwamba mfereji usisakafiwe. Tunasema kwamba neno "upotevu" limekwisha kukata shauri kabla mkutano haujaitishwa.

Tufike kwenye "mtumiaji", ambalo ndilo neno la msingi la usanifu wote wa leo. Kisarufi halina kosa. Limetokana na "tumia", na "tumia" na "tuma" ni ndugu; mtumiaji ni mtenda, si mtendwa. Tatizo lake ni kwamba lina pande mbili tu: mtu na kitu. Mtumiaji wa simu ni mtu na simu yake. Mtumiaji wa maji ni mtu na maji yake. Mfongo, kinyume chake, ni mahusiano ya mtu na mtu. Aliye na haki ya maji anayo kwa sababu yeye au wazee wake walishiriki kuchimba, na kwa sababu kila mwaka hutoka pamoja na wenzake kusafisha mfereji na kutengeneza banio. Asiyetoka hutozwa faini au hukosa zamu yake. Maji yake ya asubuhi yanategemea kwamba jirani wa juu amefunga mlango wake kwa wakati. Huyu si "mtumiaji" tu. Ni mwenye mfongo, na umwenye huo ni wajibu kabla haujawa faida.

Sheria ya nchi imelitumia neno lile lenye pande mbili. Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa taifa na kumtaka anayeyatumia awe na haki iliyoandikishwa. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianza kazi mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata wenye mifereji walitakiwa kuandikishwa na kulipa ada. Wengi mlimani walisita. Hoja iliyosikika mara nyingi ni kwamba maji hutolewa na Mungu na mfereji ulichimbwa na wazee wao, basi wanalipia nini? Ofisini hoja hiyo ilionekana kuwa ya ukaidi au ya kutoelimika. Kwetu sisi inaonekana pia kuwa ni hoja ya istilahi. Upande mmoja ulikuwa ukizungumza juu ya kutumia kitu, na upande wa pili juu ya kuwa mwenye kazi iliyofanywa pamoja. Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 ilileta vibali vya kutumia maji na jumuiya za watumia maji. Ni hatua njema, kwa kuwa sasa kuna "jumuiya". Lakini kinachowaunganisha wanajumuiya, kwa mujibu wa jina, bado ni kutumia.

Katika maji ya bomba twaona mabadiliko ya majina yanayostahili kuangaliwa na kila mfasiri. Sheria Na. 12 ya mwaka 2009, kwa matini yake ya Kiingereza, ilivitaja vyombo vya maji vijijini kuwa "vinavyomilikiwa na jamii". Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ikavitaja kuwa "vilivyo katika jamii". Kwa Kiswahili cha ofisini navyo vikaacha kuwa vya watumia maji, vikawa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Umiliki uliondoka katika jina la Kiingereza na watumiaji wakaondoka katika jina la Kiswahili. Huenda kulikuwa na sababu nzuri za kiutawala, na sisi si wanasheria. Lakini mwalimu anayefundisha tafsiri asingepata zoezi zuri kuliko hili.

Neno gumu zaidi kuliko yote ni "mlengwa". Liko kila mahali: walengwa wa mradi, kaya za walengwa, mafunzo kwa walengwa. Umbo lake ni la kutendwa, na katika ukoo wake wamo mtumwa, mfungwa na mshtakiwa (ingawa, kwa haki, mpendwa naye yumo). Kulenga ni kwa mwenye mshale au bunduki. Mwenye kulenga huchagua, hufumba jicho moja, na asiyekuwa mbele ya mshale haonekani. Hili la mwisho ndilo lenye madhara.

Ushahidi upo chini ya mlima, katika tambarare ya Moshi. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulisanifiwa kumwagilia hekta 2,300 hivi, na kati ya hizo hekta 1,100 zilikusudiwa kuwa za mpunga. Maji yalitoka katika mito ya Njoro na Rau. Usanifu wenyewe ulikuwa wa kitaalamu sana: mabanio ya saruji, mifereji iliyonyooka, mashamba yaliyosawazishwa, mbegu bora. Na mpunga ulistawi. Ulistawi mno, kwani wakulima walioko juu ya mito hiyo, nje ya mpaka wa mradi, walipoona mavuno ya wenzao nao wakalima mpunga, wakayafungulia maji kabla hayajafika kwenye banio la mradi. Haukupita muda mrefu maji yakawa hayatoshi, na sehemu ya eneo lililosanifiwa kwa mpunga ikabaki bila maji ya kuutosha.

Makosa hayakuwa ya hesabu za mtiririko wa maji. Wala msanifu hakukosa "huruma" kwa walengwa wake. Aliwatafutia mazao na wakayapata. Kilichokosekana ni jina la watu waliokuwa nje ya shabaha. Mkulima wa juu ya mto hakuwa mlengwa, hakuwa mnufaika, na katika vitabu vya mradi hakuwa mtumiaji. Alikuwa jirani. Lakini "jirani" si istilahi ya usanifu, ingawa maji hulijua neno hilo vizuri zaidi kuliko maneno mengine yote.

Hapa ndipo nadharia ya jamii inapofaa kazi. Tutataja moja tu, kwa sababu imezaliwa nusu yake hapa hapa Kilimanjaro. Mwaka 1973 Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wachaga tangu miishoni mwa miaka ya 1960, alichapisha makala akilinganisha vitu viwili visivyofanana hata kidogo: viwanda vya kushona nguo za gharama huko New York, na mahusiano ya ukoo na ujirani Kilimanjaro. Alisema kuwa kila sehemu ya namna hiyo hutunga kanuni zake na inao uwezo wa kuwafanya watu wazitii, lakini haikujitenga na ulimwengu. Sheria ya dola na nguvu za soko huingia ndani yake, na mara nyingi hugeuzwa humo kabla ya kufika zilikotumwa. Mfano wake wa Kilimanjaro ulikuwa sheria ya mwaka 1963 iliyofuta umiliki binafsi wa ardhi wa kudumu. Kwenye karatasi ulikuwa mageuzi makubwa. Kihambani, baba aliendelea kumgawia mwanawe, na majirani na ukoo wakaendelea kuwa mashahidi. Dhana hiyo twaweza kuiita "uwanja wa kijamii wenye mamlaka nusu". Si tamu mdomoni, lakini inaeleweka, na tunaipendelea kuliko kukopa umbo la kigeni lenye silabi kumi.

Faida yake kwa msanifu ni ipi? Inamfundisha kwamba chombo anachokipeleka, kiwe banio au fomu, hakitaangukia mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Kitaangukia ndani ya uwanja wenye kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zitakazokigeuza. Kwa hiyo kumwelewa mtu si kuzisikia hisia zake tu. Ni kujua anamwogopa nani, anamdai nani, atahukumiwa na nani akifunga mlango wa maji saa isiyo yake. Jambo hili si la mashambani peke yake. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Lucy Suchman, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, alichapisha kitabu kuhusu watu waliokuwa wakihangaika na mashine ya kunakili karatasi. Alionyesha kuwa mashine ilijengwa kwa kudhani kuwa mtu hufuata mpango uliotungwa mapema, hali watu, wawili wawili mbele ya mashine, walikuwa wakibuni hatua kwa hatua kulingana na kilichotokea. Mashine haikuliona hilo.

Yafaa tuseme pia kwamba nadharia nayo yaweza kupofusha. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Moshi kwa miaka mingi na kuchapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga, aliuona ukoo, ujirani na rika kuwa ni vifungo vya tangu awali visivyopaswa kuguswa. Alikusanya mengi tunayoyategemea mpaka leo, lakini alipenda mno kuuona uwanja huo umetulia. Na "mwenye mfongo", neno tulilolisifu, lina kivuli chake. Kwa desturi mikutano na kazi za mfongo zilikuwa za wanaume. Mwanamke, ambaye ndiye aliyechota maji ya kupikia na kunyweshea mifugo, hakuwa na sauti humo. Msanifu atakayekwenda Marangu akazungumza na wenye mfongo tu, akarudi akiridhika kuwa amewaelewa watu, amelenga tena. Amebadilisha upinde tu.

Dawa inayoagizwa na maandishi mengi ni "ushirikishwaji". Neno hili nalo tulifungue. "Shiriki", "shirikisha", "shirikishwa": kwanza mtu hutenda, kisha hutendeshwa, mwishowe hutendwa kutendeshwa. Mwananchi aliyeshirikishwa ni mwananchi aliyeitwa na mwingine kwenye jambo la mwingine. Umbo la Kiswahili limesema ukweli kuliko alivyokusudia mfasiri, na labda kwa hilo tulishukuru.

Tunapendekeza nini badala ya "huruma"? Pendekezo letu ni "kujuliana hali". Msemo huu haukuundwa na mtu yeyote ofisini. Watu husema wamekwenda kujuliana hali na ndugu zao, au kwamba majirani wa mtaa fulani hawajuliani hali. Hauna mteremko: mnyambuliko wa "-ana" unawataka wawili. Tena "hali" ni neno pana. Ndani yake mna afya, mna riziki, mna deni, mna ugomvi wa mpaka, yaani yale yale ambayo nadharia ya jamii humtaka msanifu ayatazame, wala si hisia za moyo tu. Na anayetaka kujuliana hali hana budi kwenda. Haiwezekani kwa hojaji iliyotumwa kwa posta.

Kuna faida nyingine tuipendayo zaidi. Katika "huruma" msanifu hana hali. Anayo moyo tu. Katika kujuliana hali, mkulima naye anapata kujua ya msanifu: kwamba bajeti inafungwa mwezi wa sita, kwamba kipimo cha banio kimeamriwa na mwongozo wa wizara, kwamba mfadhili anataka idadi ya hekta na wala si idadi ya majirani. Mengi yanayoonekana vijijini kuwa ni kiburi cha mtaalamu ni hali yake ambayo hakuitaja. Wanasaikolojia na washauri nasaha huenda wakahitaji istilahi nyingine kwa yale yatokeayo baina ya mganga na mgonjwa. Hilo tunawaachia wenyewe.

Tunatarajia kuambiwa kwamba msemo huu ni wa salamu, na kwamba istilahi hupaswa kuwa neno maalumu lisilochanganyika na mazungumzo ya barazani. Hoja hii tumeisikia tangu zamani, na historia ya istilahi zetu haiipi nguvu. "Ngamizi" na "tarakilishi" yalikuwa maneno maalumu. Watu wakasema "kompyuta". "Rununu" lilikuwa neno zuri; watu wakasema "simu ya mkononi", wakaelewana. Mtunga istilahi ni msanifu, na kila mzungumzaji wa Kiswahili ni jirani wa juu ya mto, awezaye kuyachepusha maji kabla hayajafika kwenye banio letu.

Kwa kazi ya kila siku, basi, tungewaomba wafasiri waandike "usanifu wa kujuliana hali" pale matini inapozungumzia mwenendo huu, na waiache "huruma" kwa wenye shida. "Mtumiaji" ibaki kwa simu, mashine na dawa, mahali ambapo mtu na kitu vyatosha. "Mfereji wa asili" na uandikwe "mfongo" Kilimanjaro, na kwingineko kwa jina la wenyeji. Tayari Upare wana "ndiva" yao ya kukusanyia maji, na mtu akiisoma hufahamu kuwa ina wenyewe. Ama "mlengwa", tungependa liondoke kabisa katika barua za kuitisha mikutano. Barua ya mkutano wa banio iandikwe kwa wenye mfongo, kwa wachotaji wa maji, na kwa majirani wa juu na wa chini ya mto. Ni anwani ndefu, na karani atalalamika kwamba haitoshi katika nafasi iliyoachwa kwenye fomu. Fomu ipanuliwe.